Matumba ya hibiskusi yanayoanguka wakati wa kiangazi

Juma hili tunajibu swali lililotufikia kutoka vikundi vitatu, karibu kwa maneno yale yale. Hibiskusi iko ndani ya saloni, majani yake ni ya kijani, inatoa matumba mengi, lakini kabla ya kufunguka matumba hayo yanageuka manjano na kuanguka moja baada ya jingine. Mama mmoja alihesabu kumi na moja kwa siku nne. Mwingine aliuliza kama si mtu mwenye jicho baya aliyepita kwake.

Tunamjibu kwa heshima kwamba tusimtafute mtu. Hewa ya Lubumbashi ya mwezi wa nane na wa tisa inatosha kuangusha matumba hayo.

Kwa mama mwenye mmea mmoja, jambo hili ni la kupendeza macho tu. Kwa wamama wanaouza vyungu vya maua kando ya barabara, au wanaovikodisha kwa ajili ya harusi, chungu kisicho na ua ni fedha ambayo haikuingia. Lakini tumeharakisha kuandika kwa sababu nyingine. Kati ya njia ambazo wamama wanapashana ili kulowesha hewa ya nyumba, ziko mbili ambazo zinaweza kuumiza watoto, na hatukutaka kiangazi kiishe kabla ya kuzisema.

Tuanze na mmea wenyewe. Hibiskusi ya maua makubwa, ile ambayo wengi wanaiotesha kama ua wa parseli, ni ndugu wa mboga tunazozijua. Lumanda tunayokula na bukari ni hibiskusi pia, na gombo ni wa ukoo ule ule. Zamani wataalamu waliiandika gombo kwa jina la hibiskusi kabla ya kuibadilishia. Hii ya maua asili yake ni upande wa Asia, kwenye joto na hewa yenye maji mengi. Watu wa Malaysia waliifanya ua la taifa lao mwaka 1960, na huko hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima. Ua lake moja linaishi siku moja, mara nyingine mbili, kisha linajikunja. Kwa hiyo ua lililofunguka na kuanguka kesho yake si ugonjwa. Ugonjwa ni tumba linaloanguka likiwa bado limefungwa.

Kila jani lina vitundu vidogo sana, ambavyo macho hayavioni, na kupitia humo mmea unatoa maji kwenda hewani. Ukitaka watoto waamini, funga mfuko wa plastiki unaoonyesha juu ya tawi moja lenye majani, asubuhi, kisha uache hadi saa sita. Watakuta matone ndani ya mfuko, na hakuna aliyeyatia. Hewa ikiwa kavu, maji hayo yanavutwa kwa haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Hapo mmea unaanza kupunguza mzigo, na unatupa kwanza kile ambacho unaweza kuishi bila hicho, yaani matumba.

Sasa, kwa nini nyumba zetu zinakauka hivyo? Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo na hesabu, maana ndiyo itakayoonyesha njia ipi inafaa na ipi ni bure. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye digrii 10 ikishiba kabisa inabeba maji ya gramu 9 hivi. Hewa yenye digrii 30 inaweza kubeba gramu 30. Fikiria asubuhi ya kiangazi, baridi inauma, nje ni digrii 10 na hewa imeshiba. Jua linapanda, mabati yanawaka, na nyumba isiyo na plafo inafika digrii 30 saa nane ya mchana. Maji ndani ya hewa ni yale yale gramu 9, lakini sasa nafasi yake ni ya gramu 30. Hewa iliyokuwa imeshiba asubuhi imebaki na asilimia 30 tu. Hakuna aliyeondoa maji. Joto ndilo limeongeza njaa ya hewa, nayo inatafuta maji popote: midomoni mwa watoto, kwenye mkate uliosahauliwa mezani, kwenye majani ya hibiskusi.

Hibiskusi inafurahi hewa ikiwa na asilimia 50 kwenda juu. Chombo cha kupimia unyevu kipo kwenye maduka, lakini si lazima mtu anunue. Tazama chumvi ya jikoni. Chumvi inaanza kulowa na kushikana wakati hewa imefika karibu asilimia 75. Ndiyo maana wakati wa mvua inagoma kutoka kwenye kopo, na wakati wa kiangazi inamwagika kama mchanga. Chumvi ikimwagika vile, na visigino vikipasuka, basi mmea wako nao una kiu ya hewa hata kama udongo wake umelowa.

Maneno hayo ya mwisho tunayarudia kwa sababu hapo ndipo mimea mingi inakufa. Mama anaona tumba limeanguka, anasema ni kiu, anamwaga maji. Kesho yake linaanguka jingine, anaongeza. Mizizi inakaa ndani ya matope, inakosa pumzi, inaoza, na sasa haiwezi kupandisha hata yale maji kidogo iliyokuwa inapandisha. Majani yanalegea kana kwamba ni kiu, na maji yanaongezwa tena. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole ndani ya udongo hadi kiungo cha pili. Kama kuna ubaridi na udongo unashika kidole, acha. Kama ni pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha yamwage hayo yaliyotoka. Chungu kisicho na tundu chini hakifai kwa hibiskusi, hata kiwe kizuri namna gani.

Maji yenyewe, tunajua ni shida mwezi wa tisa, wakati bidon ya litre 20 inanunuliwa na kubebwa kutoka mbali. Yale ya kuoshea mchele au mboga yanafaa, mradi hayana chumvi wala sabuni. Jambo kubwa ni kutobadilisha mwendo: mmea unaokaa siku tano bila kitu halafu unazamishwa siku ya sita utaangusha matumba hata hewa ikiwa nzuri.

Turudi kwenye hewa. Njia ya kwanza inayozunguka mitaani ni kuweka sahani au beseni la maji chini ya chungu, na kuliacha hapo. Turudi kwenye hesabu. Saloni ya mita 4 kwa 3, yenye urefu wa mita 2 na nusu kwenda juu, ina hewa ya mita 30 za ujazo. Ili kuitoa kutoka asilimia 30 hadi 50, joto likiwa digrii 30, inahitajika gramu 6 kwa kila mita, yaani gramu 180. Ni chini ya glasi moja ya maji! Mtu atasema: basi ni rahisi. Ingekuwa rahisi kama nyumba ingekuwa chupa. Nyumba zetu zina madirisha, zina nafasi chini ya mlango na kati ya ukuta na mabati, na watoto wanaingia na kutoka. Hewa yote inabadilika mara moja kwa saa, mara nyingi zaidi ya hapo. Kila saa inahitaji glasi nyingine. Sahani ndogo iliyo chini ya chungu haipotezi hata glasi moja kwa siku nzima.

Kwa hiyo sahani hiyo haisaidii saloni, na faida yake kwa mmea ni ndogo sana. Anayefaidika ni mbu. Mbu wenye mistari myeupe miguuni, wanaouma mchana, wanapenda kabisa maji ya namna hiyo: machache, yametulia, yapo karibu na watu. Wanataga pembeni ya chombo, na kwenye joto inawachukua kama juma moja au siku kumi kutoka yai hadi mbu anayeruka. Ndio wanaobeba homa ya manjano, dengue na chikungunya. Tunakumbuka mwaka 2016, homa ya manjano ilipotoka Angola ikaingia nchini kwetu, na Kinshasa mamilioni ya watu wakachanjwa mwezi wa nane. Malaria ina mbu wake, anayependa zaidi madimbwi na maji ya nje, lakini hiyo si sababu ya kumfungulia ndugu yake nyumba. Chandarua cha usiku hakimzuii mbu wa mchana.

Kama mama anapenda sahani yake kwa sababu inazuia matope yasichafue saloni, aijaze kokoto, na kila akimwagilia amwage maji yaliyobaki. Mara moja kwa juma aisugue kwa brashi, pembeni hasa, maana mayai yanashikamana hapo na kumwaga maji peke yake hakuyatoi.

Njia ya pili inatuogopesha zaidi. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10, watu wanaingiza mbabula ndani ili kupata joto, na tumesikia sasa wanaweka juu yake sufuria ya maji na kusema mvuke utalisha maua. Wamama, tusiweke mbabula yenye makala ndani ya chumba ambacho watu wanalala. Makala yanapowaka yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inashika damu mahali ambapo hewa nzuri ingeshika. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala, na anaweza asiamke. Moshi unaosumbua macho unakufanya utoke nje. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, na watu wanayasifu kwamba sasa yameiva vizuri. Mbabula ibaki nje hata kama sufuria iko juu yake. Kama watu wa nyumba moja wanaamka wote na kichwa kinauma, kila mtu atoke nje mara moja, na waende kituo cha afya bila kungoja jioni. Hata kwa mmea mbabula haina faida: inaongeza joto, na tumeona hapo juu joto linafanya nini kwa hewa.

Kupulizia majani kwa chupa si kosa, ila kunadumu dakika chache tu. Kunaosha vumbi, na vumbi letu jekundu linaziba majani kweli, kwa hiyo pulizia asubuhi kwa ajili ya usafi. Usitegemee zaidi ya hapo.

Njia ambayo sisi tunaisimamia ni kikwembe. Kikwembe kilichofuliwa na kukamuliwa kwa mkono kinabaki na maji mengi kuliko sahani, na kimetanda upana wa mita nzima, kwa hiyo kinayatoa kwa haraka, saa zile ambazo mmea unateseka. Kianike juu ya kamba au mgongoni mwa kiti, nyuma ya vyungu, kuanzia saa tano hadi saa tisa, nguo isiguse majani. Kinakauka, unakikunja, hakuna maji yaliyolala, hakuna mbu, na kazi ya kufua ilikuwa lazima ifanyike. Siku ya kufua ya familia yenye watoto wanne ni sikukuu kwa hibiskusi. Hewa ya saloni yote haitabadilika kwa muda mrefu, lakini pale pembeni ya vyungu, mahali pasipo na upepo, tofauti inakuwepo.

Tumesema vyungu, kwa wingi, kwa makusudi. Mmea mmoja pekee katikati ya saloni unapigana na hewa yote. Vyungu vitano au sita vikikaa karibu, majani yake yanapeana maji yanayotoka kwenye vitundu tulivyosema. Wamama wauzaji wanaoweka bidhaa zao pamoja chini ya kivuli tayari wanafanya hivyo, hata kama sababu yao ni kuogopa wezi. Mahali pazuri ni dirishani panapopata jua la asubuhi, mbali na mlango unaofunguliwa kila dakika, na si chini kabisa ya bati lisilo na plafo. Ukishapata mahali, acha kuuhamishahamisha. Hibiskusi yenye matumba ikigeuzwa kutoka kwenye mwanga kwenda gizani, hata kwa ajili ya wageni wa siku moja tu, inaweza kuangusha yote. Anayekodisha kwa harusi apeleke ule ambao maua yake yamekwisha kufunguka asubuhi hiyo.

Hewa kavu inaleta pia mgeni mwingine: utitiri mwekundu, mdogo kama chembe ya vumbi. Unakaa chini ya jani. Juu ya jani yanatokea madoadoa meupe mengi kama yamechomwa na sindano, na baadaye utando mwembamba kati ya majani. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge kidogo; chembe zikianza kutembea, ndio wenyewe. Hawapendi maji. Peleka mmea nje jioni, uoshe chini ya kila jani kwa maji yenye nguvu kidogo, siku tatu mfululizo. Wakibaki, yeyusha kijiko kidogo cha sabuni ya maji ndani ya litre moja, pulizia chini ya majani jua likiwa limezama, na asubuhi suuza. Dawa za wadudu za shambani tusiziingize kwenye nyumba ambamo watoto wanatambaa.

Kuna wanaofunga madirisha mchana kutwa ili unyevu usitoroke. Hapo hatukubaliani. Nyumba inayopikiwa ndani, au ambamo watu sita wanalala, inahitaji hewa mpya kuliko hibiskusi inavyohitaji unyevu. Kama mtoto anakohoa au ana pumu, dirisha lifunguliwe na mmea uende barazani. Utaangusha matumba kumi, utatoa mengine. Tena, mvua zikianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mambo yanageuka. Chumvi inalowa, kuta zinaota ukungu mweusi kwenye pembe, na kuanika nguo ndani ya nyumba kunazidisha ukungu huo ambao unasumbua vifua. Kikwembe tulichokisifu ni cha kiangazi tu. Siku ile chumvi itakaposhikana ndani ya kopo, rudisha kamba nje.

Huo ndio wakati wa kuutoa mmea pia, kidogo kidogo. Majani yaliyozoea saloni yanaungua yakipelekwa kwenye jua kali siku moja, kwa hiyo yakae chini ya mwembe au pembeni ya ukuta kama juma moja kwanza. Kata matawi marefu, theluthi moja hivi, kwa kuwa hibiskusi inatoa maua kwenye matawi mapya. Yale uliyokata usiyatupe. Chagua vipande vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, chomeka ndani ya mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, kisha funika kila kipande kwa chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa chini, kizibo kikiwa kimefungwa. Kipande kisicho na mizizi hakina njia ya kunywa, kwa hiyo hewa ya ndani ya chupa ndiyo inayokizuia kukauka. Weka kivulini. Baada ya majuma mawili fungua kizibo mchana na ufunge usiku. Katika majuma manne hadi manane, kipande kikikataa kung'oka ukikivuta taratibu na majani mapya yakiwa yametokea, ondoa chupa. Wamama wa vikundi watakaoanza mwezi wa kumi na moja wataona maua kabla ya kiangazi kijacho.